Debe ni chombo au kipimo?

SWALI: Mhariri shikamoo, lile fumbo lenu la maneno 16 ya kupanga manne manne limeniua. MKONO nimeuweka na goti, bega na kidole mkanikosoa, debe nalo nimeliweka na sufuria, kopo na beseni mkanikosoa tena, kwani debe sio chombo jamani? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye mkono umeteleza, maana viungo vilikuwa vitano (umesahau kisigino) na vipimo vya urefu vilibaki vitatu tu, shibiri, wari na pima, sasa hapo lazima mmoja ahame na ni mkono, ule wa kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati ambao mabibi zetu walipimia kitambaa. Shibiri mbili mkono, mikono miwili wari, wari mbili pima, inaingia yenyewe.

Ila kwenye debe umetubana aisee. Sisi tuliliweka na kibaba, pishi na lita, na ndoo tukaiacha kwenye vyombo, lakini nenda sokoni leo uulize nyanya, utaambiwa bei ya ndoo, tena ndoo kubwa au ndogo, kwahiyo ukiipeleka ndoo kwenye vipimo na debe likabaki na masufuria jibu lako linakamilika vizuri kabisa. Fumbo lina majibu mawili, kosa letu, pointi zako tunakurudishia. Na lita nayo ilikaa kizungu mno pale pembeni ya pishi, tungeweka gunia.