Picha zilizonata kwenye albamu: zibanduliwe kwanza?

Umeuliza kama picha zilizonata kwenye albamu uzibandue kabla ya kuskani. Usizibandue; skani ukurasa mzima zikiwa humo humo, maana picha ikichanika ndiyo basi. Picha za karatasi dpi 600 (nukta kwa kila inchi) zatosha. Slaidi za mm 35, yaani vipande vya filamu vinavyopitisha mwanga, zinataka 2400 hadi 4000, na skana yenye taa kwenye kifuniko, la sivyo utapata giza tupu. Vumbi liondoe kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo: mate huacha madoa. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha; JPEG, aina iliyobanwa iwe ndogo, ni ya kutumiana. Faili iite 1974-00_harusi_01, mwezi usioujua ukiwa 00. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, ukingoni. Bolpeni hutokeza mbonyeo mbele. Karatasi ikikataa penseli, andika kwenye bahasha yake.