Mbona Yesu wa kwenye muvi hacheki?

Wasomaji wangu salama? Tangu Pasaka ipite meseji zinazoingia humu karibu zote ni muvi za Yesu, nimechukua tatu tu, wengine mnivumilie.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni mama wa hapa Chang'ombe Dodoma, nafundisha sande skuli. Jumatatu ya Pasaka tuliwaonyesha watoto ile muvi ya Yesu ya miaka yote, tukaazima projekta tukatundika shuka nje, sasa katikati ya muvi katoto kamoja ka miaka saba hivi kakauliza kwa sauti, mwalimu mbona Yesu hacheki, amenuna? Watu wazima wakacheka mimi nikabaki mdomo wazi. Hivi kweli alikuwa hivyo au ni muvi tu? Halafu ule upepo wetu ulikuwa unapeperusha shuka hadi sura ya Yesu inajikunja, mnafanyaje nyie wazoefu?

JIBU: Marahaba mama. Huyo mtoto mnunulie soda, kaona kitu ambacho sisi tumekipita miaka yote.

Hiyo muvi mliyoonyesha nadhani ni ile ya 1979, aliyecheza Yesu ni Mwingereza Brian Deacon, imefuata injili ya Luka na imeshawekewa sauti za lugha zaidi ya 2,000, ndiyo maana hata kijijini kusikofika umeme imefika na jenereta. Sasa ukiiangalia vizuri yule Yesu anatabasamu kabisa, hasa akiwa na watoto. Shida ni sauti. Mwili ni wa Mwingereza ila sauti ni ya mtu mwingine kaingia studio kasoma Kiswahili taratiiibu, kwa heshima zote, masikioni mwangu inakuja kama mtu anasoma tangazo la msiba redioni. Mtoto hakuangalia meno, alisikiliza sauti, na sauti imenuna.

Na kuna waliomzidi kwa kununa. Ile ndefu ya dairekta Zeffirelli ya 1977, Jesus of Nazareth, aliyecheza ni Robert Powell, macho ya bluu, mkae mumtazame, karibu muvi nzima hapepesi macho! Nzuri mno, mimi mwenyewe nairudia, lakini huyo si mtu unayeweza kumkaribisha ugali na mlenda nyumbani, utaogopa hata kutafuna.

Madairekta wanaogopa, basi. Injili imewapa maneno, haijawapa sauti. Imeandikwa akasema, akajibu, akawaambia, lakini alisema kwa ukali, kwa utani, huku amechoka? Mara nyingi haisemi. Hapo dairekta anajaza mwenyewe na wengi wanajaza upole kwa sababu upole haumletei mtu kesi.

Nikupe ushahidi mmoja ambao mimi naupenda kuliko yote. Mwaka 1964 dairekta Mtaliano Pasolini, ambaye hata mtu wa dini hakuwa, alitengeneza muvi ya injili ya Mathayo, wa kucheza Yesu akamtafuta mwanafunzi wa Kihispania wa miaka 19 ambaye hakuwa mwigizaji. Huyo Yesu anatembea haraka, wanafunzi wanamkimbilia nyuma na yeye anawarushia maneno bila kusimama, mkali kama kiongozi wa mgomo. Na sauti yake nayo si yake, aliwekewa ya mwigizaji mwingine! Halafu 1993 ikaja nyingine, Mathayo huyohuyo neno kwa neno, Yesu ni Bruce Marchiano, huyo anacheka hadi unahisi amefika harusini. Kitabu kimoja mama, watu wawili tofauti kabisa.

Sasa yeye mwenyewe alikuwaje. Mstari unaosema Yesu alicheka haupo, wa kulia upo, Yohana 11:35. Lakini kuna kushangilia, Luka 10:21. Kuna hasira, Marko 10:14, wanafunzi wanawafukuza watoto na yeye akachukizwa sana, yaani aliwakasirikia kina mwalimu kama wewe na mimi siyo watoto, hiyo mwambie yule wa miaka saba. Kuna uchovu, kalala kwenye shetri ya mashua kichwa kwenye mto na dhoruba inapiga. Anamwita Herode mbweha. Watu wanamsema mlafi na mlevi, hivi mtu aliyenuna saa zote nani atamwalika kula mpaka asemwe hivyo? Halafu ile ya kuchuja mbu na kumeza ngamia, mwenye kuchuja togwa nyumbani asikie hiyo halafu aniambie si utani. Waliosimama pale lazima kuna aliyeshika mbavu, ila kwenye muvi inasemwa kwa uso wa mkaguzi wa hesabu.

Hata ile ya dairekta Mel Gibson ya 2004, The Passion of the Christ, ambayo ni damu tupu, ina kipande kidogo Yesu fundi seremala katengeneza meza ndefu, mama yake anamtania, na yeye anamrushia maji wanacheka. Kipande hicho kiwe cha watoto, iliyobaki msiwaonyeshe.

Wiki ijayo wape watoto sentensi moja, "Zakayo, shuka upesi," kila mmoja aseme kivyake, mmoja kwa ukali, mmoja kwa furaha, mmoja kama anamtania mtu mzima aliyepanda mti. Kuhusu lile shuka la projekta, funga kona zote nne na chini weka mti mrefu wa kulivuta, na mlitundike karibu na ukuta, ukuta uwe upande upepo unakotokea.

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Nkuhungu. Naangalia The Chosen, ile sizoni ya maisha ya Yesu, nimemwekea baba yangu ambaye ni mwinjilisti, akazima. Anasema Yesu hawezi kutaniana na wavuvi, ni kumshusha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba kijana. Hiyo sizoni ilianza 2019, Yesu ni Jonathan Roumie, na kwa utani niko upande wako, mtu aliyewabatiza wafuasi wake wawili jina la wana wa ngurumo alikuwa anawatania. Ila mzee wako usimpuuze. Kuna sehemu Yesu anaandaa hotuba ya mlimani akisaidiana na Mathayo, hiyo haipo popote kwenye injili, ni ya waandishi wa sizoni, na hapo hata mimi nilijikuna kichwa. Mtafutie Ben-Hur ya 1959. Humo sura ya Yesu haionyeshwi, anampa mfungwa maji, askari wa Kirumi anakuja kumzuia, anamtazama usoni, anaishiwa nguvu anarudi nyuma. Unaiona tabia ya Yesu kwenye uso wa askari. Mzee hatazima.

SWALI: Sisi vijana wa Mpwapwa, tumechoka na Yesu mzungu, kuna Mwafrika?

JIBU: Yupo. Son of Man, ya Afrika Kusini, 2006, Yesu ni Andile Kosi na wanaongea Kixhosa. Siyo mpole wa picha za kalenda, ni mtu wa kupinga dhuluma, anawaambia wafuasi wake waweke bunduki chini, wakubwa wanamuua kwa siri na mama yake ndiye anayeufukua mwili auweke watu wauone. Wale waliozoea kwamba steringi hafi waambieni mapema. Maandishi ya chini ni Kiingereza kwa hiyo awepo mtu wa kutafsiri, na jamani atafsiri kwa sauti yake ya kawaida.