Ndezi na "panya wa miwa"

Msomaji wetu wa Malindi anaeleza kwamba kitabu cha mwanawe kinawalinganisha "panya wa miwa" na panya buku kama panya wawili wakubwa wa Afrika, naye anauliza kama majina hayo ni sahihi.

La pili halina neno. La kwanza ndilo lililonitilia mchanga katika chai ya asubuhi, kwani mnyama huyo anaitwa ndezi, jina la kale ambalo Washona wa Zimbabwe nao wanalo kwa umbo la tsenzi. Mwandishi hakufungua kamusi. Aliliona jina la Kiingereza, akalifasiri neno kwa neno, akalala usingizi.

Hebu tuutazame utungo wenyewe. Mkeka wa miyaa umesukwa kwa miyaa, na ukuta wa matumbawe umejengwa kwa matumbawe. Basi mtoto wa Malindi akisoma "panya wa miwa" ana haki ya kudhani kuwa huyu ni panya aliyechongwa kwa miwa, au, akiwa na kiu, kwamba hukamuliwa kwa ndimu na tangawizi. Nikijibiwa kuwa "wa" hiyo ni ya chakula, nitauliza kwa nini paka wa Lamu hawajaitwa "paka wa samaki", na ndezi anayekula matete na mahindi tumpe majina mangapi.

Tena ndezi si panya hata kidogo. Wote wawili ni wagugunaji, lakini nasaba ya ndezi iko karibu zaidi na nungunungu na simbilisi. Mkia wake ni mfupi, manyoya yake magumu, na hubeba mimba kwa takriban miezi 5, akazaa watoto wenye manyoya na macho yaliyofunguka. Panya buku ana mkia mrefu wenye ncha nyeupe na mifuko ya mashavuni ya kubebea chakula. Mimba yake ni ya mwezi mmoja hivi, na watoto wake huzaliwa uchi, vipofu. Huyo, aitwe panya, sina ugomvi. Hata wanaoliandika jina lake kwa neno moja, "panyabuku", nimekwisha kuwasamehe.

Mwanao na aandike ndezi: ndezi huyu, ndezi hawa. Akikatwa alama, nileteeni jina la mwalimu.