Maswali yenu: mchanga wa Paje, bilauri na vioo vya stoo

Huu mchanga mweupe wa Paje, mbona hatufungui kiwanda cha vioo? (Makunduchi)

Kwa sababu weupe wake ni wa matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa. Utie siki, utauona unatoa povu. Kioo kinataka silika, yaani madini ya mchanga wa kawaida, na silika siki haiigusi.

Lakini chokaa msiidharau. Silika tupu haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 1,700 hivi, moto ambao tanuri nyingi haziuwezi. Ukiichanganya na magadi, inayeyuka kwa moto mdogo zaidi, ila unapata kioo kinachoyeyuka kwenye maji! Chokaa ndiyo inayokishikilia. Kioo cha dirisha basi ni silika asilimia 70 na kitu, magadi 13 hadi 15, na chokaa 10 hivi. Kwa hiyo Paje tuna kiungo, chakula chenyewe hatuna.

Bilauri imepasuka nilipotia chai, na bakuli la kioo linaingia kwenye oveni halifanyi kitu. Kwa nini? (Wete)

Chai inapoingia, ndani kunatanuka na nje bado kubaridi. Pakivutana, bilauri inakwenda. Nene hupasuka upesi kuliko nyembamba, ingawa dukani tunachagua nene tukidhani ndiyo imara. Magadi ndiyo yanayokifanya kioo kitanuke sana. Miaka ya 1880 Otto Schott, kule Jena, Ujerumani, alitia boroni (elementi inayopatikana kwenye madini) na kupunguza magadi, akapata kioo kinachotanuka kama thuluthi tu ya kile cha kawaida.

Tahadhari, mama: mabakuli mengine ya siku hizi ni kioo cha kawaida kilichokazwa kwa joto. Likitoka kwenye oveni usiliweke kwenye sinki lenye maji.

Vioo nilivyovipanga stoo vimefanya ukungu, nikifuta hautoki. (Mkunazini)

Ni unyevu wetu huu. Maji yakinasa baina ya kioo na kioo huyavuta magadi nje, yakawa makali, yakaanza kukila kioo chenyewe. Ukiwahi, kuosha kunatosha. Umechelewa, labda kusugua kwa mashine. Vilivyobaki visimamishe, tia karatasi kati, pawe pakavu.

Chupa zinapata wapi ukijani? (Chake Chake)

Chuma kilichomo mchangani. Hata kioo cha dirisha kitazame ukingoni, utauona. Mchanga usio na chuma ni ghali, na watengenezaji wengi wa chupa hawajisumbui.