Raha ya kushona ni kumaliza

Wiki hii mmeuliza kama kushona nyumbani bado kuna faida, ilhali nguo na mashuka yaliyo tayari yamejaa kila mahali. Kama faida ni pesa, jibu ni fupi: ukikunja pindo au ukiziba palipochanika, ipo. Ukitengeneza kitu kipya, mara nyingi haipo. Mimi kinachoniuma ni kingine: watu wanaoacha kushona kwa sababu walianza na kitu kikubwa.

Kila anayeniuliza humwambia ashone vitu vidogo. Mfuko wa miwani, foronya, kishikio cha sufuria. Kitu unachokikata jioni ukakimaliza kabla ya kulala, maana raha ya kushona ni kumaliza. Tena kitu kidogo hukufundisha bila kukuadhibu. Kwenye kazi ya viraka, yaani kuunganisha vipande vya vitambaa, mshono huachiwa robo inchi kutoka ukingoni, kama milimita 6. Ukizidisha milimita 1 kwa kila kiraka, kila mshono umekula milimita 2. Safu ya viraka 8 ina mishono 7, kwa hiyo imepungua milimita 14. Kwenye kishikio cha viraka vinne hakuna atakayeona. Kwenye blanketi zima la viraka, safu hazikutani.

Baba alipofariki, mama alikusanya mashati yake ya kazi, akasema anataka blanketi. Nikamsihi tushone foronya tu. Akakataa. Tukaketi tukifumua. Kufumua shati hakutaki haraka: unakata uzi hapa na pale, unavuta, mshono unaachia, na vumbi la pamba lililojificha ndani ya pindo miaka yote linakumwagikia mapajani. Kola zilikuwa zimelika, viwiko vimekwisha, hizo tuliziweka kando. Lakini tulipobandua mfuko wa kifuani wa shati moja la buluu, chini yake palikuwa na mraba wa buluu iliyokoza, rangi ya siku liliponunuliwa. Jua na sabuni havikuwahi kuifikia. Pembeni yake vilibaki vitundu vya sindano, vimejipanga. Mama akapitisha kidole.

"Usikate hapa. Pakae katikati."

"Mama, watu watadhani ni doa."

"Mwanangu, mwenye shati namjua mimi."

Nilikuja kusoma baadaye kwamba kule Gee's Bend, kijiji cha jimbo la Alabama, Marekani, mwanamke aitwaye Missouri Pettway alishona blanketi la nguo za kazi za marehemu mumewe mwaka 1942. Mablanketi ya kijiji hicho yalioneshwa kwenye jumba la sanaa mjini Houston mwaka 2002, na kwenye baadhi yake alama za mifuko iliyobanduliwa zinaonekana wazi. Mama hakuwa amesikia habari zao.

Tulikata, tukaunganisha, tukatandika tabaka tatu sakafuni, viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini, na kuzipiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, ili pamba isihame. Mimi kwenye cherehani, yeye na sindano ya mkono na subana ya kukinga kidole. Kazi ilitambaa. Ila jioni zile alinisimulia mambo ya baba ambayo sikuwahi kuyasikia, na nina hakika foronya zisingeyatoa, kwa sababu zingekwisha upesi mno.

Basi, kumbe hapo juu nimesema raha ni kumaliza, na kazi ninayoithamini kuliko zote ni ile ambayo sikutaka iishe. Jibu langu ni kwamba faida ipo, na kubwa zaidi imo kwenye kazi ndefu, mradi una mtu wa kuketi naye na sababu ya kuishona. Anayeanza peke yake bado ningempa kishikio cha sufuria. Na vyovyote iwavyo, fua kitambaa kipya cha pamba kabla ya kukikata, la sivyo kitapungua kikifuliwa baadaye, na usishone jinzi kwa sindano ya cherehani ya mashati: namba 80 inaweza kuvunjika, tafuta 100.