Uliza Fundi: Skatingi za mbao zimeachia kona

SWALI: Tulipokarabati nyumba mwezi wa tatu tulibandua skatingi za vigae (ule ukanda unaozunguka chini ya ukuta), tukaweka za mbao ya paini na kuzipaka rangi nyeupe ya mafuta. Sasa ni mwezi wa saba. Kona zimeachia kiasi cha kupitisha kucha, rangi ya chini inavimba na kubanduka, na kuna madoa ya njano yanayorudi kila tukipaka. Fundi anasema ni unyevu wa ziwa. Ni kweli?
Msomaji, Buswelu, Mwanza

JIBU: Ziwa linasingiziwa. Hayo ni makosa matatu, na kila moja lina dawa yake.

Kona kwanza. Mbao zilifungwa wakati wa masika zikiwa na maji. Kiangazi kilipoingia zikanywea. Ubao ukikauka hupungua upana na unene, urefu karibu haubadiliki, kwa hiyo kiungo cha nyuzi 45 hufunguka. Mbao mpya zipange ndani ya chumba chenyewe wiki mbili au tatu, na vipande vyembamba katikati ili hewa ipite. Kwenye kona ya ndani usikate nyuzi 45: ubao wa kwanza ufike ukutani moja kwa moja, wa pili ncha yake ichongwe kwa msumeno mwembamba ifuate umbo la ule wa kwanza. Hapo hata ukinywea, ufa hauonekani. Kona ya nje haina njia nyingine ila kukata pembe na kutia gundi, lakini pima ukuta kwanza. Plasta zetu mara nyingi hutoa nyuzi 88 au 92, basi kila upande ukatwe 44 au 46.

Rangi inayovimba chini ni maji ya kudekia. Fundi alipaka uso tu. Ukingo wa chini na mgongo viliachwa vitupu, navyo hunywa maji kila asubuhi. Ng'oa, kausha, kisha paka praima, yaani rangi ya kutangulia, pande zote nne na ncha zote kabla ya kurudisha. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya ubao na sakafu. Funga kwa skrubu za milimita 60 na plagi za ukutani za kushikilia skrubu, kila sentimita 60. Misumari ya zege hupasua plasta, na ubao huanza kucheza.

Madoa ya njano ni utomvu wa vifundo vya paini. Rangi ya mafuta haiuzuii hata ukipaka mara kumi. Kwangua mpaka kwenye mti, pitisha shelaki (vanishi inayofungia utomvu) mara mbili juu ya kila kifundo, ndipo praima.

Ufa wa juu, kati ya skatingi na ukuta, uzibe kwa akriliki ya bomba, ile ya kuzibia nyufa inayopakika rangi. Silikoni ya bafuni haishiki rangi.

SWALI: Chumba changu ni mita 4 kwa 3.5, mlango mmoja wa sentimita 90. Ninunue mbao na rangi kiasi gani?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Mzunguko ni mita 15, toa mlango, zinabaki 14.1. Ubao wa futi 12 una mita 3.66. Kwenye karatasi mbao 4 zinatosha, ila utalazimika kuunga kipande cha sentimita 34 kwenye kila ukuta mrefu usio na mlango, na kitaonekana kama kiraka. Nunua 5, kiungo kikae mbali na kona. Fremu na mbao za kuzunguka mlango zitangulie. Skatingi huja kugota kwenye mbao hizo.

Kwa ubao wa sentimita 10, nusu lita ya praima na nusu lita ya rangi ya mafuta vinatosha, mikono miwili ya rangi. Ukiandikiwa galoni ya lita 4 kwa chumba hicho, uliza nyingine inakwenda wapi. Piga msasa namba 120 kabla ya praima na 220 kati ya mikono, ukisubiri usiku mzima kila mara.

Kwa kuwa mko kisiwani, malizeni kupaka kabla ya saa kumi jioni na msiwashe taa chumbani. Vidudu vya ziwani hufuata mwanga na kuganda kwenye rangi mbichi. Vikishaganda msivifute, vitaacha michirizi. Kesho yake rangi ikikauka, pitisheni ule msasa wa 220.