Uliza Mama Fundi: Kamera inazima usiku, nani wa kufundishwa?

*Habari za kazi Mama Fundi. Nina duka la vifaa vya umeme hapa Mwanza, na pembeni tunafunga kamera, alamu na fensi za umeme. Nina vijana watatu wachapakazi, mmoja tu ndiye aliyepita chuo cha ufundi cha VETA. Kinachonimaliza ni simu za wateja. Kamera inaonyesha vizuri mchana, ikifika saa moja usiku inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Alamu inalia saa nane usiku na mwizi hayupo. Vijana wanashinda kwenye saiti za zamani badala ya kufunga mpya. Wapo wanaoniambia niwapeleke kozi, wapo wanaosema kazi hii mtu hujifunza mkononi. Nifuate lipi?*
— Mwenye duka, Mwanza

Salama, ndugu yangu. Kabla ya kozi nikuulize: hao vijana watatu wana mita ngapi za kupimia umeme? Nina mashaka ni moja, na inakaa dukani. Fundi wa kamera hapa kwetu utamkuta na drili ya maana, ngazi ya aluminiamu na jaketi lenye nembo ya kampuni, lakini mita ya kupimia volti anaazima.

Hiyo kamera inayozima saa moja usiku si mbovu. Mchana kamera ya kawaida ya volti 12 inakula umeme kidogo, tuseme ampia 0.2. Giza likiingia, taa zake za infrared, zile za kuonea gizani, zinawaka na matumizi yanapanda, tuseme hadi ampia 0.5. Sasa kijana wako amevuta waya wa mtandao wa Cat5 mita 60 kutoka sebuleni hadi getini, akatumia jozi moja ya nyuzi kupeleka umeme. Kwenda na kurudi ni mita 120 za uzi mwembamba, upinzani wake kama omu 10. Mchana volti 2 zinapotelea njiani, kamera inabaki na 10, inavumilia. Usiku zinapotea 5, inabaki na 7, inazima. Ikizima, volti zinapanda, inawaka tena. Ndiyo disko hiyo unayopigiwa simu. Na hapo nimepiga hesabu ya shaba halisi. Waya mwingi wa bei chee ni alumini iliyopakwa shaba juu, na huo unapoteza zaidi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, umeshajua ulichouziwa.

Kijana asiyejua hili atabadilisha kamera, kisha adapta, kisha atamwambia mteja kwamba vifaa vya siku hizi ni feki. Anayejua atapanda ngazi apime volti pale pale kwenye plagi ya kamera, siyo kwenye adapta, kamera ikiwa imewaka. Hata hahitaji kungoja usiku. Aifunike kwa kitambaa cheusi, taa za infrared zitawaka zenyewe, apime. Akikuta volti zimeanguka, asogeze adapta karibu na kamera, au apitishe waya mnene, au kama kamera ni za mtandao atumie swichi ya PoE, ambayo inasukuma umeme wa volti 48 hivi kwenye waya ule ule na kufika hadi mita 100.

Elimu ya namna hiyo hupewi na video za simuni, na wala si lazima usafiri kuifuata. Nyuma ya duka lako simamisha ubao wa plaiwudi ukubwa wa mlango. Funga juu yake paneli moja ya alamu, sensa mbili za mwendo, sumaku ya mlango, king'ora, betri, na kamera moja na DVR yake, yaani kinasa video. Kila asubuhi kabla ya kutoka, wewe au yule wa VETA mnaweka kosa moja kwa siri: uzi umelegea ndani ya skrubu, sumaku imekaa mbali na mwenzake, betri imechoka. Kijana mwingine analitafuta kwa mita. Mwiko ni kubahatisha: haruhusiwi kufungua skrubu hata moja kabla hajakuambia anashuku nini na kipimo chake kinasema nini. Wiki za kwanza watanuna.

Usiache kosa la betri. Ile ya volti 12 ya paneli ikichoka bado inaweza kukusomea 12.6 ikiwa imepumzika, na kijana ataandika "betri nzima". Mfundishe azime umeme wa ukutani, apige king'ora, aangalie mita. Betri iliyokufa inaporomoka mbele ya macho yake. Kwa joto letu betri hizi hazifiki umri ulioandikwa kwenye boksi, kwa hiyo kila inayofungwa iandikwe tarehe kwa kalamu ya wino mzito.

Kosa jingine liwe la rizista. Paneli inakuja na rizista, vipande vidogo vya kuzuia umeme, mara nyingi za kilo-omu 2.2 au 4.7, ambazo zinatakiwa kukaa mwisho wa waya, ndani ya sensa yenyewe. Vijana wengi wanazifunga ndani ya paneli kwa sababu ni rahisi na taa ya kijani inawaka vilevile. Mwambie kijana wako achukue waya wa sumaku ya mlango katikati ya njia, achubue nyuzi mbili na kuzigusanisha, halafu afungue mlango. Rizista ikiwa ndani ya paneli, king'ora hakilii. Maana yake mfanyakazi wa ndani anaweza kuiua alamu mchana kwa wembe, na usiku jamaa zake wakaingia kwa raha. Rizista ikiwa mwisho wa waya, paneli inagundua muda ule ule nyuzi zinapogusana. Akishaliona hilo kwa macho yake hutamkumbusha tena.

Alamu ya saa nane usiku, mara nyingi mhalifu wake ni mjusi. Sensa ya mwendo inasoma joto linalohama, na mjusi akipita juu ya kioo chake anaonekana mkubwa kuliko mtu aliye upande wa pili wa chumba. Wadudu nao huingilia tundu la waya, kwa hiyo tundu lizibwe kwa silikoni. Kimo kiwe kama mita 2.2, na sensa isiangalie dirisha la jua wala kukaa karibu na bati lisilo na dari. Iwekwe ili mtu akatize mbele yake, kwa kuwa anayeijia moja kwa moja haonekani sana kwake. Kwenu ziwani kuna na wale wadudu wanaokuja kama moshi: kamera yenye taa ya nje juu yake itatuma taarifa za mwendo usiku kucha. Taa ihamishiwe mbali na kamera.

Fensi ya umeme ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu Mwanza mnajenga juu ya mawe. Fensi inamstua mtu pale tu umeme unapopata njia ya kurudi kwenye enajaiza, mashine inayoirushia fensi umeme. Mara nyingi njia hiyo ni ardhi, na mwamba mkavu haupitishi. Kijana akipiga fimbo moja ya ethi, ile ya kuunganisha na ardhi, ikagonga jiwe, akaikata na kufukia kisiki, hapo mteja amenunua waya za kuanikia nguo. Tafuteni udongo wenye unyevu hata kama ni mbali kidogo, mpige fimbo kadhaa na kuziunganisha. Ethi ya fensi isichanganywe na ethi ya nyumba. Kanuni za kimataifa zinataka angalau mita 10 kati yake. Na vibao vya njano vya onyo havisubiri mteja avilipie.

Kuhusu vyeti: ndiyo, wapeleke. Yule mwenye uzoefu asiye na karatasi aulizie VETA utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, anapimwa kwa anachokijua bila kurudi darasani tangu mwanzo. Wa tatu asome umeme wa majumbani, hatua ya kwanza. Na anayegusa umeme wa volti 230 awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, au afanye chini ya mwenye nayo. Wasiwe wanaiba laini kwenye soketi ya friji kulishia DVR.

*Shikamoo Mama Fundi. Nimemaliza kidato cha nne, nataka kusomea ufungaji wa alamu na kamera. Baba mdogo anasema kazi ya ngazi si ya msichana. Na hesabu sikufanya vizuri.*
— Binti wa Tanga

Marahaba mwanangu. Kwanza, msalimie baba mdogo. Pili, umwambie kuna nyumba nyingi ambazo mama yuko peke yake mchana, na akiambiwa fundi anayeingia chumbani kufunga sensa ni mwanamke, anafungua mlango haraka. Hiyo ni kazi inayokusubiri. Ngazi inashikiliwa na mwenzako chini, awe mwanamume au mwanamke, na anayepanda peke yake bila kushikiliwa ni mzembe wa jinsia yoyote.

Hesabu utakazokutana nazo kila siku ni volti, ampia na omu: kuzidisha na kugawanya. Rudi juu usome ile ya mita 60 za waya. Ukiielewa, unatosha. Anza na umeme wa majumbani, kisha tafuta kampuni ikuchukue kama saidia fundi. Wakikufanya mpika chai kwa miezi, hama.

*Mama Fundi, fundi aliyetufungia kamera nyumbani bado anaziona kwenye simu yake. Anasema ni ili atusaidie zikileta shida. Mume wangu haoni tatizo. Mimi sipati usingizi.*
— Mama wa watoto wawili, Dodoma

Mama, usingizi wako una haki. Fundi hana sababu ya kuona sebule yako baada ya kulipwa. Mpigie aje, na mbele yake wewe mwenyewe, kwa kidole chako, ubadilishe neno la siri la DVR na la akaunti ya simu, halafu uangalie orodha ya watumiaji na kuwafuta wote usiowajua. Kama neno la siri bado ni lile la kiwandani, admin na namba zinazofuatana, basi si yeye tu anayeweza kuingia. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na DVR kwa wingi duniani kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani tu, na Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumika kuiangusha kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter zikapotea kwa saa kadhaa.

Muulize pia kama aliweka picha za nyumba yako kwenye status ya WhatsApp. Hili ni gonjwa la mafundi vijana: kazi ikiisha, picha ya geti, ya kamera ilipokaa, ya paneli nyuma ya mlango, na chini yake "Tumemaliza Dodoma, karibuni wateja". Wenye makampuni mnaosoma hapa, kabla hamjamfundisha kijana kushika drili mkatazeni hilo, na mchukue barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Anayefunga kamera za duka au ofisi ajue pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura za watu mnazozirekodi zinahesabika humo.

Akiwa hapo akurekebishie saa ya DVR. Nyingi zinafungwa zikiwa bado na saa za kiwandani, na siku ukipeleka video polisi inayosema mwizi aliingia alasiri wakati ilikuwa alfajiri, utaeleza mpaka uchoke. Mkiwa na alamu, paneli ina namba za siri mbili, ya mwenye nyumba na ya fundi. Ya mwenye nyumba ibadilishe mwenyewe fundi akiwa ameshatoka getini. Ya fundi aibadilishe mbele yako, aiandike kwenye karatasi, na karatasi ibaki kwako.